Mti halisi wa Krismasi baada ya sikukuu: mwongozo kamili wa kuuondoa bila kuupoteza

Mti wa Krismasi wenye kimo cha mtu mzima huchukua takribani miaka 7 kukua, na aina nyingine hupita miaka 10. Sebuleni hukaa wiki tatu au nne tu. Januari ikifika unageuka mzigo: unaburutwa nje pamoja na maboksi na karatasi za zawadi, na mara nyingi safari yake inaishia dampo. Nchini Marekani peke yake hununuliwa miti halisi kati ya milioni 25 na milioni 30 kila mwaka, na karibu yote hutolewa majumbani katika wiki chache zilezile. Ni mali nyingi mno kuifukia ardhini.

Watu wengi hufikiri tatizo ni kukosa mahali pa kuupeleka. Kwa kweli mahali ni pengi. Kinachofunga milango yote ni mti kutoka ndani ukiwa bado na waya, plastiki na nyuzi za kumetameta. Mti uliovuliwa kila kitu unafaa kwa mboji, matandazo, mazalia ya samaki, hata kuzuia mchanga pwani. Ule uliobaki na mapambo machache tu unakataliwa kote huko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika ndani ya nyumba, kabla mti haujavuka mlango.

Kwa nini dampo si mahali pake

Mtu anaweza kusema: mti ni mti, ukifukiwa si utaoza? Utaoza, lakini vibaya. Chini ya tabaka za takataka hakuna hewa, na vijidudu vinavyoozesha bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha joto angahewa kwa nguvu kubwa kuliko hewa ya ukaa. Carbon Trust, shirika la Uingereza linalopima gesi joto, lilikadiria kwamba mti halisi wa mita 2 ukiishia dampo husababisha gesi joto sawa na takribani kilo 16 za hewa ya ukaa. Mti huohuo ukisagwa na kutandazwa, au ukichomwa, ni takribani kilo 3.5. Mti haukubadilika, tofauti imeletwa na siku yake ya mwisho.

Mwongozo huu ni wa mti halisi tu. Mti wa plastiki hauozi na hausagwi, na wema pekee unaoweza kuufanyia ni kuutumia kwa miaka mingi.

Hatua ya kwanza: usingoje mti ukauke kabisa

Familia nyingi hushusha mti karibu na Epifania, tarehe 6 Januari, na nyingine huuacha hadi tarehe 2 Februari. Desturi ni nzuri, ila tazama hali ya mti wenyewe kuliko kalenda. Mti uliokatwa karibuni hunywa maji mengi: kadiri ya lita moja kwa siku kwa kila sentimita 2.5 za kipenyo cha shina. Ukiona maji ya kwenye stendi hayapungui tena, mti umeacha kunywa na umeanza kukauka.

Kipimo cha mkono ni rahisi. Shika tawi kwa upole, vuta vidole kuelekea ncha. Sindano, yaani yale majani membamba ya mti, zikidondoka chache tu, bado una muda. Zikimwagika kwa wingi, utoe leo. Mti mkavu ukishika moto hauchelewi kama ukuni wa kawaida. Utomvu na sindano huwaka kwa pamoja, na ndani ya sekunde chache moto unakuwa umefika juu. Usiuegemeze ukutani verandani kwa wiki kadhaa ukisema utaushughulikia baadaye. Veranda nayo ni sehemu ya nyumba.

Hatua ya pili: kuvua mapambo hadi uzi wa mwisho

Hapa usiharakishe, na ikiwezekana fanya kazi hii mchana, karibu na dirisha.

Chomoa taa kwenye umeme kwanza. Kisha anza kutoa mapambo yanayovunjika, ukitoka juu kwenda chini, maana kila unapotikisa tawi la juu kitu kinaweza kuangukia la chini. Taa ziache mwisho, uzitoe kwa kufuata njia ileile ziliyozungushwa, lakini kinyume: anzia pale waya ulipoishia, uuzungushe kwenye kipande cha boksi ngumu. Ukivuta kwa nguvu utakata waya na kuacha kipande kimejificha katikati ya matawi. Kipande hicho kikiingia kwenye mashine ya kusaga kinaharibu visu, na kinaweza kurushwa kikamjeruhi mwendeshaji.

Sasa zunguka mti mara ya pili ukitafuta vile vidogo: kulabu za kuning'inizia, pini, riboni, gundi, lebo ya muuzaji iliyofungwa kwa waya chini ya shina. Nyuzi za kumetameta ni adui mkubwa zaidi. Ni plastiki nyembamba sana, haziozi, na mti ukisagwa nazo hugeuka maelfu ya vipande vinavyobaki kwenye udongo wa mtu. Kama ulizitumia, chambua tawi kwa tawi. Kama ni nyingi mno na zimenasa ndani, kata matawi yale yaliyonasa uyatenge, kisha mti uliobaki uende salama. Kutupa matawi matatu ni afadhali kuliko kuchafua lundo zima la mboji.

Mti ulionyunyiziwa theluji ya bandia au rangi ni habari nyingine. Ule unga umegandishwa kwa gundi na haubanduki. Vituo vingi vya kusaga na kutengeneza mboji huukataa, na wewe pia usiutie bustanini wala kwenye moto. Waulize wanaokusanya taka unakoishi. Wakisema hawana njia nyingine, ndio unaoenda dampo. Mwaka ujao usinunue ulionyunyiziwa.

Hatua ya tatu: kuutoa nje bila kujaza nyumba sindano

Punguza maji ya stendi kwanza, kwa kikombe au sifongo. Kama yalikuwa maji matupu, mwagia mimea. Kama uliongeza dawa ya kuhifadhi mti, yamwage kwenye bomba la maji machafu, na usiache paka au mbwa ayanywe.

Tandika shuka kuukuu chini, laza mti juu yake, legeza skrubu za stendi, uufunge wote kama kifurushi. Toka nao shina likitangulia, ili matawi yajikunje mlangoni badala ya kupanuka na kukwaruza kila kitu. Vaa glavu na mikono mirefu. Utomvu ukikushika, paka mafuta ya kupikia kabla ya sabuni. Maji peke yake hayautoi.

Sindano za sakafuni zoa kwa ufagio. Mashine ya kufyonza vumbi huziba upesi, hasa bomba lake likiwa jembamba. Zikusanye, zitakuwa na kazi baadaye.

Mfuko wa plastiki wa kubebea mti, kama uliutumia, uvue mara tu ukifika nje. Mti uliofungwa plastiki hauchukuliwi na wakusanyaji wa mboji, hata kama mfuko umeandikwa kwamba unaoza.

Hatua ya nne: chagua mti wako uende wapi

Njia nyepesi ni ukusanyaji wa manispaa. Miji mingi huwa na wiki maalumu za kupitia miti mitaani, au vituo vya kuipeleka. Mambo ya kuuliza mapema ni matatu tu: tarehe za mwisho, urefu unaokubaliwa, na mahali pa kuuweka. Mara nyingi mti unaozidi mita 2 hutakiwa ukatwe vipande viwili. Uweke pembeni ya barabara pasipozuia wapita njia, hasa mwenye kiti cha magurudumu au mzazi anayesukuma mtoto. Jiji la New York hupokea miti ya wakazi katika bustani zake na kuisaga papo hapo, na mkazi anaweza kurudi nyumbani na mfuko wa matandazo. Utaratibu wa namna hii ukiwepo karibu nawe, utumie bila kusita. Usipokuwepo, majirani kumi wanaweza kukodi mashine ya kusaga matawi kwa nusu siku na kugawana vibanzi. Mashine hiyo iendeshwe na mtu aliyefundishwa, mwenye miwani ya kinga, na asivae nguo zinazoning'inia.

Kama una bustani

Matandazo ndiyo matumizi ninayoyapenda kuliko yote, kwa sababu hayahitaji subira. Vibanzi vya mti hutandazwa juu ya udongo kwa unene wa sentimita 5 hadi 10. Huzuia magugu, hutunza unyevu, na polepole hugeuka chakula cha udongo. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi kuzunguka shina la kila mmea, kwa sababu matandazo yaliyokumbatia shina huliozesha. Usiyachimbie ndani: vijidudu vinavyokula mbao huazima naitrojeni ya udongoni, na mimea hubaki na majani ya manjano. Yakikaa juu, shida hiyo inabaki kwenye ngozi ya udongo tu na mizizi haiguswi. Kwenye kitalu cha mbegu usiyaweke yakiwa mabichi. Yaache lundoni miezi michache kwanza.

Kuna hofu ya zamani kwamba sindano za msonobari hujaza udongo tindikali. Sindano mbichi zina tindikali kidogo, ni kweli, lakini zikioza hupungua makali, na tabaka la matandazo halibadilishi udongo kwa kiwango cha kuua mimea. Zitandaze bila woga, zaidi kwenye vijia vya bustani, ambapo zinakaa muda mrefu bila kuoza na hazigeuki tope.

Kwenye mboji mambo ni ya polepole. Sindano zina nta inayozuia vijidudu kuingia, na mbao imejaa kaboni huku naitrojeni ikiwa chache. Lundo zuri linataka sehemu 25 hadi 30 za kaboni kwa sehemu moja ya naitrojeni, kwa hiyo vibanzi vya mti lazima vichanganywe na vitu vibichi: nyasi zilizofyekwa, samadi, maganda ya mboga. Kata matawi mafupi kama kidole au yapitishe kwenye mashine. Lundo liwe na angalau mita moja kila upande ili lishike joto, liwe na unyevu wa sifongo iliyokamuliwa, na ligeuzwe kila baada ya wiki chache. Hata hivyo sindano zinaweza kuchukua mwaka au zaidi, na vipande vya shina miaka miwili. Vikibaki wakati wa kuchekecha, virudishe lundoni vianze tena. Vimeshabeba vijidudu vinavyohitajika.

Huna mashine wala nguvu ya kukata? Tumia mti ulivyo. Usimamishe kwenye kona ya bustani, uufunge kwenye nguzo, uning'inize mbegu za ndege. Mahali penye majira ya baridi kali, matawi yale huwakinga ndege na upepo na paka. Tumia mti ule tu uliovuliwa vizuri, maana ndege hunasa miguu kwenye nyuzi. Baridi ikiisha, pogoa matawi na uyalaze juu ya mimea midogo au uyarundike kando yawe maficho ya kalunguyeye, mijusi na wadudu. Shina lililobaki ni kigingi kizuri cha mmea unaotambaa, au ukate kwa msumeno uzungushie tuta. Vipande vinene unaweza kuvizika chini ya tuta jipya. Vitaoza kwa miaka, vikinyonya maji ya mvua na kuyatoa polepole.

Penye mteremko, matawi yaliyofungwa mafungu na kulazwa kwa kukata njia ya maji kwenye korongo dogo hupunguza kasi ya maji na kukamata udongo. Yakandamize kwa vigingi, la sivyo mvua ya kwanza itaondoka nayo.

Maji na mchanga: kazi ya pamoja, si ya mtu mmoja

Baadhi ya matumizi makubwa ya miti hii hufanyika mbali na bustani za watu. Kwenye ufukwe wa Lytham St Annes, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, wajitolea husimika miti iliyotumika mchangani, sehemu ikiwa imezikwa. Upepo unapopita, matawi hukamata mchanga, tuta linakua, nyasi za pwani zinashika mizizi, na ardhi iliyo nyuma hupata kinga dhidi ya bahari. Huko New Orleans, Marekani, miti hukusanywa kutoka majumbani, hufungwa mafungu na kudondoshwa kwa helikopta za jeshi la akiba kwenye ardhioevu ya Bayou Sauvage. Hapo hupunguza nguvu ya mawimbi na kutuliza tope ili nyasi ziote upya.

Katika maziwa na mabwawa mengi ya Marekani, maofisa wa uvuvi hufunga miti kwenye vizito na kuizamisha. Mwani huota kwenye matawi, wadudu wa majini hufuata, na samaki wadogo hupata pa kujificha. Mwenye bwawa lake binafsi anaweza kufanya hivyo: vua mapambo yote, funga tofali zito kwenye shina kwa kamba imara, zamisha mahali ambapo hawaogelei watu. Lakini mto, ziwa la umma au bahari usiviguse bila ruhusa. Mti usio na kizito huelea, hunasa injini ya boti, huziba daraja. Peleka mti wako kwa waliopewa kazi hiyo.

Wanyama

Mbuzi hufurahia sindano na magome, na wafugaji wengi hupokea miti Januari. Mpe mfugaji mti usiopigwa dawa wala rangi, umwambie ni wa aina gani, na yeye ndiye aamue. Aina ina maana kubwa. Msonobari uitwao Pinus ponderosa, na mberoshi uitwao Cupressus macrocarpa, vimejulikana kuharibu mimba za ng'ombe, hasa miezi ya mwisho. Mti wa jamii ya Taxus ni sumu kali kwa farasi, ng'ombe na mbuzi, hata kiasi kidogo. Kama huujui mti wako, usimpe mnyama yeyote.

Bustani ya wanyama ya Berlin huwapa tembo miti ya Krismasi kila mwaka, na picha zake hupendwa sana. Hiyo ni miti ambayo haikuuzwa. Ya majumbani haipokewi, kwa kuhofia kemikali na masalia ya mapambo. Usiende kurusha mti juu ya uzio ukidhani unawatendea wema.

Moto

Usichome mti kwenye meko ya ndani. Nasisitiza hili kwa sababu kila mwaka kuna anayeona ni kuni za bure. Matawi yenye sindano huwaka kwa mlipuko na kurusha cheche, na mbao mbichi yenye utomvu hutoa moshi unaoganda ndani ya dohani kama lami nyeusi. Lami hiyo ikijikusanya inaweza kushika moto, na moto wa dohani unaweza kuteketeza nyumba. Ukitaka kuni, chukua shina tu. Likate vipande, vipasue, vipange nje chini ya paa palipo na upepo, uviache mwaka mzima hadi unyevu ushuke chini ya asilimia 20. Moto wa uani nao una sheria zake. Miji mingi huukataza.

Na usiutupe msituni

Hili linaonekana jema: mti urudi kwa miti wenzake. Si jema. Mti wa Krismasi husafiri mbali kutoka shambani, na unaweza kubeba wadudu wasiokuwepo mahali pako. Mwaka 2018 wakaguzi wa kilimo wa jimbo la Wisconsin, Marekani, walikuta vidugamba (wadudu wadogo wenye magamba) wa aina ngeni kwenye miti na mashada ya sikukuu yaliyotoka North Carolina. Wakazi walishauriwa kuvichoma au kuvifunga kwenye mfuko na kuvitupa na taka, si kuvitia kwenye mboji. Basi kagua upande wa chini wa sindano kabla ya kuchagua njia yoyote hapo juu. Ukiona magamba madogo ya kahawia yaliyong'ang'ania, mafungu ya mayai au vifuko vya nyuzi, toa taarifa ofisi ya kilimo au misitu na ufuate watakachosema.

Ikiwa mti wako una mizizi

Mti uliokatwa hauoti tena, hata ukiupanda kwa uangalifu gani. Ule uliouzwa na mizizi yake ndani ya chungu unaweza kuishi, ikiwa haukukaa ndani ya nyumba yenye joto zaidi ya siku 7 hadi 10. Ukikaa zaidi, chipukizi huanza kuamka, na baridi ya nje huziua.

Usiutoe moja kwa moja hadi mahali wazi. Uweke kwanza penye kivuli na kinga ya upepo, kama banda lisilo na joto, kwa wiki moja au zaidi, ukiangalia udongo usikauke. Ardhi ikiwa imeganda, ngoja ilainike. Chimba shimo pana mara mbili ya donge la mizizi, lakini lisizidi kina chake. Mizizi ikiwa imezunguka chungu, ifungue kwa vidole au uichane pembeni kwa kisu. Pima nafasi kwa macho ya miaka ijayo: baadhi ya miti hii hupita mita 20, kwa hiyo ukae mbali na kuta, nyaya za umeme na mabomba. Mwagilia kwa kina kila wiki katika mwaka wa kwanza pasipo na mvua, na usiweke mbolea hadi uone chipukizi mpya.